Upanga Kiunoni Kila Siku: Mifano Minne kwa Anayebuni Jamii ya Kesho

Anayeandika hadithi ya wakati ujao, au anayeunda mchezo wa kompyuta, akiamua kwamba raia wake watatembea na upanga kiunoni, mara nyingi huanza na upanga wenyewe: chuma chake, makali yake, mwanga unaowaka kwenye mpini. Hayo yanaweza kusubiri. Umbo la chuma halibadilishi jamii hata kidogo ukilinganisha na mambo matatu: nani anaruhusiwa kuubeba, mlango gani unamlazimu auache, na akiuchomoa nani atamhukumu. Jamii zilizowahi kuishi na upanga zilijibu hayo kwa namna zinazopingana, na hapa nazilinganisha namna nne ili mbunifu achague moja badala ya kuchota kidogo kila upande.

Nitaziita upanga wa tabaka, upanga wa heshima, upanga wa kiapo na upanga wa ruhusa. Majina ni yangu, ila jamii zenyewe zilikuwepo, na mbili kati yake bado zipo.

Kwanza, bunduki imekwenda wapi?

Msomaji atauliza hili mapema, kwa hiyo lijibu mapema. Naona sababu mbili zinazosimama. Ya kwanza ni mahali: watu wanaoishi ndani ya chombo cha anga za juu wana haki ya kuogopa risasi inayokosa shabaha na kutoboa bomba la hewa. (Kumbuka tu kwamba pasipo na uzito, anayezungusha upanga kwa nguvu atazunguka naye upande wa pili. Usipowapa wahusika wako pa kushika, pigano lako kali litakuwa kichekesho.) Ya pili ni sheria: dola iliyoweza kuzidhibiti bunduki lakini ikaacha panga. Japani iliwahi kupita karibu na hapo. Bunduki ziliingia 1543 na Wareno, zikatumika kwa wingi vitani, kisha watawala wa ukoo wa Tokugawa wakaufunga utengenezaji wake chini ya udhibiti mkali huku upanga ukibaki kiunoni.

Vyovyote utakavyochagua, makali yana hesabu yake. Muuaji lazima akaribie, kwa hiyo umati hauwezi kufyekwa kutoka dirishani. Lakini ugomvi ambao ungeishia kwenye jino lililong'oka unaishia kaburini. Kumbukumbu za wachunguzi wa vifo za London ya karne ya 14 zimejaa visa vya aina hiyo: mabishano ya mtaani, kisu kilichokuwa tayari kwenye mkanda, na Jumapili, siku ya mapumziko na ulevi, ikiongoza kwa mauaji. Ndiyo maana tangu 1285 sheria ya mji huo ilikataza kutembea na upanga na ngao usiku baada ya kengele ya kufunga siku kulia.

Mifano yenyewe

Upanga wa tabaka ni wa Japani ya enzi ya Edo, 1603 hadi 1868. Mwaka 1588 mtawala Toyotomi Hideyoshi aliwanyang'anya wakulima silaha, akiwaahidi kwamba chuma chao kingetengenezewa misumari na komeo za jengo la sanamu kubwa ya Buddha. Baadaye jozi ya panga, mrefu na mfupi, ikawa alama ya samurai, tabaka la wapiganaji ambalo pamoja na familia zake lilikuwa takriban asilimia 6 au 7 ya watu wote. Hali hiyo ilidumu hadi amri ya Machi 1876 ilipowavua.

Upanga wa heshima ni wa Ulaya, karne ya 16 hadi ya 18. Hapa upanga ulining'inia kiunoni mwa mwungwana, lakini si yeye peke yake. Katika miji mingi ya Ujerumani, mtu aliyehesabiwa raia alitakiwa awe na silaha yake, na moja ya adhabu ilikuwa kumvua haki ya kubeba upanga. Mtu wa namna hiyo alipita mtaani kila mtu akijua ana doa.

Upanga wa kiapo ni kirpan ya Masingasinga. Tangu kiongozi wao wa dini, Guru Gobind Singh, aanzishe mwaka 1699 Khalsa, jumuiya ya waumini waliokula kiapo, aliyekula kiapo hicho, mwanamume au mwanamke, hubeba kirpan kama moja ya alama tano za imani. Mara nyingi siku hizi ni fupi, imo ndani ya ala, na huning'inizwa kwa mshipi wa begani.

Upanga wa ruhusa ni wa Texas, jimbo la Marekani. Tangu tarehe 1 Septemba 2017, mtu mzima anaweza kutembea hadharani na chuma chenye makali marefu kuliko inchi 5.5, yaani kama sentimita 14, upanga ukiwemo. Hakuna cheo wala kiapo kinachohitajika. Na mitaa haikujaa panga. Mbunifu na alizingatie hilo: kuruhusu peke yake hakuzai desturi. Ukitaka raia wako wabebe kweli, lazima kuwe na kitu kinachowasukuma, na katika mifano mingine mitatu kitu hicho kilikuwa aibu ya kuonekana bila upanga, au kiapo chenyewe.

Mlangoni

Hapa ndipo tofauti inapoonekana upesi kuliko kwenye pigano lolote.

Japani, mgeni aliyeingia nyumbani kwa mtu aliuvua upanga mrefu na kubaki na mfupi. Akiketi nao karibu, aliuweka upande wa kulia, mahali ambapo kuuchomoa haraka ni kazi. Kwenye chumba cha chai mambo yalikwenda mbali zaidi: rafu ya panga ilikuwa nje, na mlango wenyewe ulikuwa mdogo kiasi kwamba aingiaye, hata kama ni bwana mkubwa, alipita kwa kutambaa. Usanifu wa majengo ulifanya kazi ya polisi. Katika mji wako wa kesho hilo lina maana ya rafu kila ukumbini, mtu wa kuzitunza, risiti, wizi wa panga, na kesi za panga zilizobadilishwa. Tayari una ajira mpya na aina mpya ya uhalifu kabla hata tone la damu halijamwagika.

Ulaya ilitegemea zaidi sauti ya mtu mmoja mwenye mamlaka juu ya mahali. Mjini Bath, Uingereza, mwanzoni mwa karne ya 18, Richard Nash, aliyesimamia starehe za mji huo, alipiga marufuku panga, na wakubwa waliokuja kuoga na kucheza dansi wakatii. Hakuwa jaji wala jemadari, alikuwa msimamizi wa dansi. Napenda mfano huu kwa sababu unaonyesha jinsi upanga wa heshima unavyokufa: watu wa fahari huuona umepitwa na wakati, na fimbo ya kutembelea inachukua nafasi yake.

Texas ina orodha. Shule, mahakama, hospitali, viwanja vya michezo wakati wa mechi, vituo vya kupigia kura, baa zinazopata asilimia 51 au zaidi ya mapato yake kutokana na pombe ya kunywewa hapohapo: kote huko chuma kirefu hakiingii. Mtu anayebeba upanga chini ya mfumo huu anaishi kwa ramani. Siku yake nzima ni kuzunguka majengo asiyoweza kuingia, na nadhani ndiyo sababu nyingine ya wengi kutojisumbua.

Kirpan inageuza jambo zima. Katika mifano mingine mitatu, mtu ndiye anayejirekebisha anapofika mlangoni. Aliyekula kiapo haivui, kwa hiyo ni mlango unaotakiwa kujirekebisha, na hapo mahakama zinaingia. Katiba ya India, ibara ya 25, inatamka wazi kwamba kuvaa na kubeba kirpan ni sehemu ya kuikiri dini hiyo. Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua mwaka 2006 kwamba mwanafunzi hawezi kukatazwa kabisa kuja nayo shuleni, mradi imewekwa kwenye ala ya mbao na kushonewa ndani ya kitambaa. Mwaka 2017 Kanada iliruhusu makali yasiyozidi sentimita 6 ndani ya ndege nyingi. Angalia mwelekeo: kila makubaliano yanaufanya upanga uwe mfupi, uliofungwa na uliofichika zaidi, bila kuufuta. Jamii ya kesho yenye upanga wa kiapo itakuwa jamii ya mawakili na vipimo vya rula. Si mandhari ya kusisimua, lakini migogoro yake haiishi.

Kuhusu urefu kwa jumla, kila mfano huishia hukohuko. Elizabeth I wa Uingereza, katika miaka ya 1560, alitangaza kwamba makali yasizidi yadi moja na nusu ya robo yadi, kama mita moja na sentimita tatu, na wasimamizi wakawekwa milangoni mwa mji kupima na kukata. Uingereza ya sasa ilipiga marufuku mwaka 2008 uuzaji wa panga nyingi zilizopinda zenye makali ya sentimita 50 au zaidi. Weka kipimo katika sheria yako pia, halafu wahusika wako watafute jinsi ya kukikwepa.

Ukishachomolewa

Upanga wa tabaka unaadhibu kuchomoa kuliko unavyoadhibu kubeba. Sheria za mabwana wa Japani kabla ya enzi ya Edo, kama ile ya ukoo wa Imagawa ya 1526, zilikuwa na kanuni kali: waliogombana wanaadhibiwa wote wawili, bila kujali nani alianza. Hebu fikiria inavyoibana mitaa. Anayetukanwa ana sababu ya kuondoka, kwa maana ushindi ni kifo kilekile. Kisha angalia kilichotokea kanuni hiyo ilipoachwa. Mwaka 1701 bwana Asano Naganori alichomoa upanga mfupi ndani ya kasri la Edo, makao ya mtawala, na kumjeruhi afisa wa dola Kira Yoshinaka. Asano aliamriwa kujiua siku hiyohiyo, lakini Kira hakuguswa. Watumishi wa Asano waliona haki imekatwa nusu, wakamwua Kira mapema 1703, nao 46 wakaamriwa kujiua. Dola ilipotoa hukumu ya upande mmoja, kisasi kikajaza upande wa pili. Huo ni mtambo mzima wa hadithi, na unaendeshwa na kifungu kimoja cha sheria.

Ile haki maarufu ya samurai kumkata mtu wa chini aliyemvunjia heshima nayo ilikuwa na masharti kuliko inavyosimuliwa. Ilimbidi aripoti na apate shahidi, na sababu yake isipokubalika angeweza kuadhibiwa vikali. Katika mji wa kesho wenye kamera kila nguzo, shahidi hakosekani, na samurai wako atafikiria mara mbili.

Upanga wa heshima ulikuwa na vurugu nyingi zaidi, na watu wake unawajua. Ben Jonson, mwandishi wa michezo ya kuigiza, alimwua mwigizaji Gabriel Spenser mwaka 1598 na kuponea kwa upendeleo wa kisheria wa waliojua kusoma Kilatini, akatiwa alama ya moto kwenye dole gumba. Mchoraji Caravaggio alikamatwa Roma mwaka 1605 kwa kubeba upanga bila kibali, na mwaka mmoja baadaye akamwua Ranuccio Tomassoni na kukimbia mji. Ufaransa ilipiga marufuku mapigano ya wawili kwa amri ya 1626; mwaka uliofuata François de Montmorency-Bouteville, aliyekuwa ameshapigana zaidi ya mara 20, alipigana tena mchana kweupe katika uwanja wa katikati ya Paris. Akakatwa kichwa. Ilihitajika dola yenye nguvu ya kumwua mtu wa ukoo mkubwa ili sheria ianze kuaminika.

Watetezi wa silaha husema jamii inayobeba silaha huwa na adabu. Ulaya hiyo ndiyo mahali pa kulipima dai hilo, na kwa maoni yangu halipiti. Adabu iliongezeka kweli, pamoja na wepesi wa kuona umetukanwa. Watu walijifunza daraja za matusi kama wanavyojifunza hesabu, na kumwambia mtu ni mwongo kukawa sawa na kumpiga. Adabu ya aina hiyo ni tahadhari tu, na anayejua kupigana kuliko wengine anaweza kuitumia kuwinda. Ukichagua mfano huu, usiwaandike raia wapole. Waandike wenye maneno mazuri na masikio makali.

Texas, kwa upande huu, haina la kusimulia: anayechomoa upanga kumtisha mtu anashughulikiwa na sheria ya jinai ya kawaida. Kwa kirpan, makali ni ya kumlinda mnyonge na kujilinda pale njia nyingine zimeisha, na anayeyatumia vibaya amevunja kiapo pamoja na sheria ya nchi.

Asiyebeba

Bunduki hupunguza tofauti ya misuli, upanga huirudisha. Mzee, mgonjwa, mtu mwenye kilo 50 mbele ya mwenye 90, wote wanapoteza kitu. Upanga wa kawaida wa kihistoria ulikuwa na uzito wa kilo moja hivi, si mzigo, lakini mazoezi ya miaka ndiyo yanayoua, na mazoezi yanataka muda na fedha. Kwa hiyo jamii ya upanga huzalisha walimu wa kupigana, walinzi wa kukodi na wapiganaji wa niaba. Mfano unaoshinda hapa bila ubishi ni wa kiapo, kwa sababu unawapokea wanawake na wanaume sawasawa, na unamfanya asiyebeba kuwa mtu anayedaiwa ulinzi badala ya mtu anayetakiwa kupisha njia.

Upanga wa tabaka nao una ufa unaonivutia. Amani ya enzi ya Edo iliwageuza samurai wengi kuwa makarani wenye posho ndogo. Wapo walioishiwa mpaka wakauza makali na kuweka mianzi ndani ya ala, mpini ukibaki kuonekana nje. Tabaka zima linaweza kuendelea kuheshimiwa kwa sababu ya chuma ambacho hakimo. Anayetafuta njama ya kisiasa hana haja ya kwenda mbali: ni nani anayejua ala zipi ni tupu?

Teknolojia moja, jamii nne

Nina jaribio ninalolipendekeza kabla ya kuamua. Chukua kifaa kimoja cha kesho, ala yenye kufuli la kielektroniki linalorekodi kila mara upanga unapotoka, kisha uliza ufunguo uko kwa nani. Wazo la kufunga upanga si geni. Masimulizi ya kale ya Iceland yanataja kamba za amani zilizofungwa kuzuia usichomolewe kwa hasira.

Kwenye jamii ya tabaka, ufunguo uko kwa bwana, na kumfungulia mtumishi wake ni kumpa amri. Kwenye jamii ya heshima, ala mbili hufunguka kwa pamoja pale tu wasimamizi wa pande zote wamekubali, na mdukuzi anayeweza kufungua moja kabla ya nyingine ni mwuaji tajiri. Kwenye jamii ya ruhusa, majengo yenyewe hutuma ishara: ukikanyaga kizingiti cha hospitali, ala inajifunga, na betri ikiisha unakamatwa. Kwenye jamii ya kiapo, waumini watakataa kufuli lolote linaloshikwa na serikali, na mgogoro wako umeshaanza. Jibu linalokusisimua zaidi ndilo linalokuonyesha mfano wako.

Kifaa kingine nisichokiona kwenye hadithi nyingi ni cha kuzuia damu. Mshipa mkubwa wa paja ukikatwa, mtu anaweza kufa ndani ya dakika chache, kwa hiyo mji wa panga utakuwa na mikanda ya kubania kila kona na watoto watafundishwa kuitumia shuleni.

Uchague upi?

Kwa hadithi fupi au mchezo unaotaka mapigano mengi, chukua upanga wa heshima, ukijua kwamba unakula wahusika na kwamba hauwezi kudumu karne nyingi mbele ya serikali yenye nguvu. Kwa simulizi refu la kisiasa, chukua wa tabaka: unadumu, unaoza polepole kutoka ndani, na siku ya kuvuliwa kwake ni kilele kilichokwisha kuandaliwa. Amri ya 1876 ilifuatwa na uasi wa samurai wa Kumamoto mwaka huohuo na vita vya samurai wa Satsuma mwaka uliofuata. Wa ruhusa unafaa dhihaka, si zaidi sana.

Mimi mwenyewe ningechagua wa kiapo, na ningeuweka mji mmoja na wa ruhusa. Mlinzi wa hospitali ana watu wawili mbele yake wenye chuma cha urefu uleule. Mmoja anaweza kukivua bila kupoteza kitu, mwingine hawezi, na kifaa cha kukagua hakioni tofauti. Mapambano yote yanayofuata, ya mlangoni, ya mahakamani na ya bungeni, yanatokana na hali hiyo bila kulazimishwa.

Mchanganyiko ninaoushauri uepukwe ni wa tabaka na heshima, isipokuwa umeamua mapema kama mtu wa chini anaweza kumwita wa juu kwenye pigano. Mwaka 1726 mwandishi Mfaransa Voltaire, asiye wa ukoo wa kiungwana, alipigwa na watumishi wa mwungwana wa ukoo wa Rohan. Alipotaka kulipiza kwa upanga, hakupewa pigano. Alifungwa katika gereza la Bastille, kisha akaachiwa aende Uingereza. Waungwana walitetea heshima zao kwa upanga baina yao, na kwa watu kama yeye walituma fimbo. Kama sheria ya mji wako haisemi lolote juu ya mtu wa namna ya Voltaire, msomaji makini ataligundua pengo hilo kabla ya sura ya tatu.